Keshia wa benki ameenda wapi? Simu yako inavyobadilisha ajira za benki

Kama umri unakuruhusu, utakumbuka foleni ya benki ya mwisho wa mwezi. Walimu, manesi na wastaafu wote mko mstari mmoja, kitabu cha benki mkononi, na dirisha likifungwa kabla ya zamu yako unarudi nyumbani mikono mitupu.

Leo mshahara unaingia, simu inalia, na kabla chai haijaisha umeshanunua umeme, umemtumia mama hela na umejiunga bando. Tawi lenyewe huenda hujalikanyaga tangu mwaka jana.

Sasa jiulize: yule dada aliyekuwa anahesabu noti zako dirishani yuko wapi?

Wengi wanajibu haraka kwamba mashine zimemla. Ukweli ni kwamba wapo waliopunguzwa, wapo waliobadilishiwa kazi, na ipo kazi iliyohamia nje ya benki kabisa, kwenye kibanda cha wakala mtaani kwako. Tuangalie moja moja.

Keshia alikuwa anafanya nini hasa?

Kwa anayemwona kupitia kioo, keshia anapokea pesa na kutoa pesa. Lakini kazi yake ina mambo matatu ndani yake.

Kwanza, kuhakikisha wewe ni wewe: sahihi, picha, kitambulisho. Pili, kuhesabu fedha na kuziingiza kwenye akaunti sahihi. Tatu, kubeba dhamana. Jioni lazima afunge hesabu, na droo ikisoma pungufu, yaani ikitokea shoti, yeye ndiye wa kwanza kujieleza. Mara nyingi ndiye anayelipa.

Teknolojia haikumwondoa keshia kwa siku moja. Ilichukua kipande kimoja kimoja. ATM ilichukua sehemu ya kutoa pesa. Namba ya siri ikachukua nafasi ya sahihi. Simu ikachukua kulipa bili na kutuma pesa. Wakala akachukua kuweka pesa. Kilichobaki dirishani ni matatizo: kadi iliyomezwa, muamala uliokwama, mzee aliyesahau namba ya siri, mfanyabiashara mwenye gunia la noti.

ATM ilitisha, lakini haikumwondoa

ATM ya kwanza iliyopata umaarufu duniani ilifunguliwa na benki ya Barclays huko Enfield, London, Juni 1967. Tangu hapo watu walikuwa wanatabiri mwisho wa makeshia. Haikuwa hivyo, angalau si kwa miaka mingi.

Mchumi James Bessen wa Chuo Kikuu cha Boston alichunguza suala hili nchini Marekani. Aligundua kwamba tawi la kawaida la mjini lilikuwa na makeshia wapatao 20 mwaka 1988, na kufikia 2004 walikuwa wamebaki kama 13. Hapo unaweza kudhani kazi zimekwisha. Lakini kwa kuwa tawi sasa liligharimu kidogo kuliendesha, benki zilifungua matawi mengi zaidi. Matawi ya mijini yaliongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Kwa hiyo jumla ya makeshia nchini humo haikuanguka.

Simu janja ilikuja na hesabu nyingine. ATM ilifanya tawi kuwa la bei nafuu. Simu imefanya wateja wengi wasilihitaji tawi lenyewe. Ndiyo maana baada ya mwaka 2010 hata Marekani idadi ya makeshia ilianza kushuka.

Afrika Mashariki tumepita njia fupi zaidi. Watu wengi hapa hawakuwahi kuwa na akaunti ya benki kabla ya kuwa na pesa kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Benki zikajikuta zinawafuata wateja kwenye simu, si wateja kuzifuata benki mjini.

Kenya ilivyoonja mapema

Ukitaka kuona jinsi mabadiliko haya yanavyomgusa mfanyakazi, tazama Kenya kati ya 2015 na 2017. Takwimu za Benki Kuu ya Kenya zinaonyesha kwamba sekta ya benki ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 36,000 mwaka 2015. Miaka miwili baadaye walikuwa wamebaki takriban 31,000.

Mwaka 2017 Ecobank ilitangaza kufunga matawi 9 kati ya 29 iliyokuwa nayo Kenya na kuelekeza nguvu kwenye huduma za kidijitali. Benki nyingine zilitoa mpango wa kustaafu mapema kwa hiari. Nyingine zilitumia njia ya kimya: mtu akiacha kazi, nafasi yake haijazwi. Njia hii ya mwisho haina barua za kufukuzwa wala vichwa vya habari, lakini kijana aliyekuwa anasubiri nafasi ndiye anayeumia bila kujua.

Ila tuwe waangalifu. Teknolojia haikuwa peke yake. Septemba 2016 Kenya iliweka sheria ya kubana riba za mikopo, isizidi asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Faida ya benki ikabanwa, na menejimenti zikatafuta pa kukata. Sheria hiyo iliondolewa Novemba 2019. Kwa hiyo benki ikisema "tunapunguza watu kwa sababu ya dijitali", inawezekana ni kweli, lakini inawezekana pia dijitali ni jina zuri la kubana matumizi. Mfanyakazi ana haki ya kuuliza ni lipi kati ya hayo.

Na jambo jingine: miaka iliyofuata idadi ya wafanyakazi ilianza kupanda tena. Ila waliokuwa wanaajiriwa hawakuwa wenye kazi zilezile za dirishani.

Kazi imehamia kwa wakala

Hapa ndipo penye jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha.

Benki Kuu ya Kenya iliruhusu uwakala wa benki mwaka 2010. Benki Kuu ya Tanzania ikatoa mwongozo wake mwaka 2013. Tangu hapo mwenye duka la dawa, duka la vifaa vya ujenzi au kibanda cha soda anaweza kupokea na kutoa pesa kwa niaba ya benki. Ana mashine ndogo au simu, ana floti, na analipwa kamisheni kwa kila muamala.

Kwa mteja ni neema. Kijiji ambacho hakikuwahi kuona tawi sasa kina wakala anayefanya kazi mpaka saa mbili usiku, hadi Jumapili.

Lakini mtazame wakala kwa jicho la ajira. Anahesabu noti kama keshia. Anakagua kitambulisho kama keshia. Akipokea noti bandia, hasara yake. Akikosea namba na pesa ikaenda kwa mtu mwingine, ni yeye wa kukimbizana. Akiporwa usiku akirudi nyumbani, ulinzi ulikuwa juu yake. Na mara nyingi anayekaa kaunta si mwenye duka bali ni kijana aliyewekwa pale kwa posho, asiye na mkataba wa maandishi, bima ya afya wala mchango wa pensheni.

Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kazi ya keshia haikufa. Ilihama kutoka kwenye ajira yenye mshahara, likizo na kiinua mgongo, ikaenda kwenye kamisheni. Benki imeokoa kodi ya pango, mshahara wa mlinzi na gharama za mafunzo. Sehemu ya gharama hizo imebebwa na watu wa mtaani.

Huu si ubaya wa teknolojia yenyewe, kwani mashine ya wakala haikupanga masharti ya mkataba. Watu ndio waliopanga, na watu wanaweza kupanga upya.

Afisa mikopo naye hajapona

Zamani ukitaka mkopo mdogo wa biashara, afisa mikopo alikuja dukani kwako. Aliangalia mzigo kwenye shelfu, akauliza majirani, akakagua daftari la madeni, akaandika ripoti. Ingechukua siku au wiki.

Novemba 2012, Safaricom na benki ya CBA, ambayo leo ni sehemu ya NCBA, walianzisha M-Shwari nchini Kenya. Mteja anaomba kwenye simu, na jibu linakuja hapo hapo. Mfumo unaangalia jinsi ulivyotumia simu na pesa ya simu, unatoa alama, unaamua. Tanzania ikapata M-Pawa mwaka 2014, na leo huduma za namna hii ni nyingi.

Kwa mkopo wa shilingi elfu chache, hakuna benki inayoweza kumlipa afisa nauli ya kwenda kukagua duka. Kwa hiyo mfumo umefungua mlango kwa watu ambao afisa asingewafikia kabisa. Hapo hakunyang'anywa mtu kazi.

Tatizo ni kule juu kidogo, kwenye mikopo ya kati, ambako mfumo unaanza kumpa afisa jibu tayari na yeye anabaki kuweka sahihi. Mteja akikataliwa na kuuliza sababu, afisa anajibu "mfumo umekataa". Afisa wa namna hiyo amepoteza sehemu ya ujuzi wake, ile iliyomfanya ajue kwamba mfanyabiashara huyu ana rekodi mbovu kwa sababu aliuguza mtoto, si kwa sababu ni mkwepaji. Benki ikipoteza ujuzi huo, haiununui dukani.

Sasa wanatafutwa nani?

Idara ya rasilimali watu, wengi mnaiita HR, imebadilisha orodha yake ya manunuzi. Zamani cheti cha uhasibu au biashara na mwandiko mzuri vilikufikisha kwenye usaili. Leo benki zinahangaika kupata watu wa aina hizi:

- Waandaaji wa programu na wasimamizi wa mifumo. App ikikwama mwisho wa mwezi, ni sawa na matawi yote kufungwa kwa wakati mmoja.
- Watu wa usalama wa mitandao na wa kufuatilia wizi. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" ni mfano mdogo tu.
- Wachambuzi wa data, wanaosoma miamala kujua nani anaweza kukopeshwa na nani anaibiwa.
- Watu wa huduma kwa wateja kwa simu na mitandao ya kijamii. Mteja akikasirika leo haendi kwa meneja, anaandika mtandaoni.
- Wasimamizi wa mawakala, wanaozunguka mitaani kuhakikisha mashine zinafanya kazi na floti ipo.
- Wajuzi wa sheria za taarifa binafsi. Kenya ina sheria hiyo tangu 2019, Tanzania tangu 2022.

Utaona shida iliyopo. Benki moja inaweza kuwa na makeshia wengi kuliko kazi, na wakati huohuo ikakosa mtu wa usalama wa mitandao. Njia rahisi ni kuwaondoa hawa na kuajiri wale. Njia ngumu ni kumfundisha aliyepo.

Njia ngumu ina faida zake. Keshia wa miaka kumi anajua harufu ya wizi. Anajua mteja anayesindikizwa na mtu asiyemfahamu. Anajua sahihi iliyogushiwa kabla hajaeleza kwa nini. Mpeleke kwenye kitengo cha kufuatilia wizi, mfundishe kutumia mfumo, na utapata kitu ambacho mhitimu mpya wa kompyuta hana. Vivyo hivyo, aliyezoea kuongea na wateja wakali dirishani anaweza kusimamia mawakala vizuri kuliko mtu aliyetoka moja kwa moja chuoni.

Si kila mtu ataweza. Aliye na miaka 54 anaweza kuchagua kustaafu, na hilo si kosa. Lakini kumpa mtu kozi ya mtandaoni ya saa mbili kisha kumwambia "tulikupa nafasi" si mafunzo.

Waliobaki wana presha ya aina nyingine

Ukiingia tawi la kisasa utaona madirisha machache na meza nyingi. Aliyekuwa keshia sasa anaitwa afisa huduma au afisa mahusiano. Kazi yake mpya, kwa lugha ya mtaani, ni kuuza.

Anapewa malengo: akaunti mpya kadhaa kwa wiki, watu kadhaa wa kujiunga na app, bima kadhaa, mikopo kadhaa. Mfumo unahesabu kila kitu, na meneja anaona kwenye skrini nani amefikisha na nani bado. Ndiyo maana shangazi yako aliyekwenda kuuliza salio alitoka na bima asiyoielewa.

Hii ina hatari. Mfano maarufu ni wa benki ya Wells Fargo ya Marekani. Mwaka 2016 ilipigwa faini ya dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi wake, wakikimbizana na malengo ya mauzo, walifungua akaunti nyingi ambazo wateja hawakuziomba. Maelfu ya wafanyakazi walifukuzwa. HR inayopima watu kwa idadi peke yake inapaswa kukumbuka kisa hicho.

Sheria inasemaje ukipunguzwa?

Teknolojia mpya ni sababu inayokubalika kisheria ya kupunguza wafanyakazi. Lakini haimruhusu mwajiri kukuambia Ijumaa kwamba Jumatatu usije.

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia ya kupunguza watu mapema, atoe taarifa zote muhimu, na afanye mashauriano kabla ya kuamua. Mashauriano hayo yanahusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua nani aondoke, na malipo. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kikomo miaka 10. Ukiona umeachishwa isivyo halali, unapeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na muda ni siku 30. Wengi wanapoteza haki kwa kuchelewa tu.

Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, au kwa mfanyakazi mwenyewe kama si mwanachama, na afisa wa kazi naye ajulishwe. Vigezo vya kuchagua ni pamoja na muda wa utumishi, ujuzi na uaminifu. Fidia ni angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Hicho ndicho kiwango cha chini. Mkataba wa pamoja wa chama chenu unaweza kuwa na zaidi, kwa hiyo usome.

Kabla ya kusaini "kuondoka kwa hiari"

Kama unafanya kazi benki, au mwenza wako anafanya, uliza haya mapema:

1. Mkopo wangu wa mfanyakazi utakuwaje? Wafanyakazi wengi wa benki wana mikopo ya nyumba au gari kwa riba nafuu. Ukiondoka, riba inaweza kupanda hadi ile ya mteja wa kawaida. Hesabu marejesho mapya kabla ya kushangilia kitita.
2. Kitita kitakatwa nini? Kodi na madeni hukatwa kwanza. Omba hesabu ya kinachobaki mkononi, kwa maandishi.
3. Bima ya afya ya familia inaisha lini?
4. Je, kuna nafasi nyingine ndani ya benki ninayoweza kufundishwa? Ombi hili pia liandike.
5. Michango yangu ya pensheni imelipwa yote? Hakiki kabla hujaondoka. Tanzania uliza pia fao la kukosa ajira na masharti yake.

Na anayetaka kuingia benki je?

Mtoto wako akisema anataka kusomea benki, usimkatishe tamaa. Mwambie tu kwamba dirisha si mlango mkuu tena. Uhasibu peke yake hautoshi. Achanganye na kitu kimoja: data, usalama wa mitandao, sheria, au uwezo wa kueleza jambo gumu kwa Kiswahili chepesi. Huo wa mwisho watu wanaudharau, lakini mteja aliyeibiwa pesa saa nne usiku hataki kuongea na mashine. Anataka mtu.

Na ukipita kwa wakala leo jioni, muulize huyo kijana wa kaunta kama ana mkataba. Anafanya kazi ambayo zamani ilikuwa ya mtu aliyevaa tai na kupata likizo ya mwaka. Mashine anayoitumia ni ya benki, lakini noti bandia na shoti ni zake.